Levantar, levantarse, despertarse au subir? Kihispania cha kuinua, kuinuka, kuamka na kupanda

Ukitafuta "inua" kwenye kamusi ya Kihispania utapewa *levantar*. Tafuta "inuka", utapewa *levantarse*. Tafuta "amka", utapewa *despertarse*, na pengine *levantarse* tena. Unafunga kamusi ukidhani kazi imekwisha. Balaa huanza kwenye sentensi: mwanafunzi anaandika *yo se levanto*, au mwongoza watalii anatangaza *vamos a levantar el campamento* akimaanisha "tunapiga hema", na wageni wanaanza kufunga mabegi tayari kuondoka.

Ulinganisho huu unakwenda kwa njia ya Mswahili: unaanza na neno lililo kichwani mwako, kisha unaonyesha Kihispania huligawa vipi.

Levantar na levantarse: ile "se" si "ji"

Vitabu vingi huita *levantarse* kitenzi jirejeshi, na Mswahili akisikia hivyo anakimbilia "-ji-": kujiona, kujipenda, kujiinua. Hapo ndipo anapopotea. Kiswahili kina kifaa kingine kinachofanana zaidi na *se* hii, nacho ni ule mwisho wa kitenzi unaotenganisha inua na inuka. Weka jozi hizi ubavu kwa ubavu:

inua / inuka: *levantar / levantarse*
amsha / amka: *despertar / despertarse*
laza / lala: *acostar / acostarse*
poteza / potea: *perder / perderse*
vunja / vunjika: *romper / romperse*

Upande wa kwanza kuna mtu anayetenda na kitu kinachotendwa. Upande wa pili tukio linajitosheleza. *Se ha roto el vaso* ni "glasi imevunjika", na hakuna Mswahili atakayesema glasi imejivunja. Vivyo hivyo *me levanto* ni "ninainuka" au "ninaamka", si "ninajiinua".

Ukishika hilo, kosa la kuacha kiwakilishi (ile *se*, au *me* kwa "mimi") linajirekebisha. *Levanto a las seis* inamkera Mhispania kama "ninainua saa kumi na mbili" inavyokukera wewe: unainua nini? Sema *me levanto a las seis*.

Kosa la pili linatokana na "-ji-" ileile. Kwa Kiswahili haibadiliki: ninajipenda, unajipenda, wanajipenda. Ndiyo maana wengi huganda kwenye *se* kwa kila nafsi. Kihispania hubadilisha: *me levanto, te levantas, se levanta, nos levantamos, os levantáis, se levantan*. Kiwakilishi hiki kichukulie kama vile ni-, u- na a-: kinatembea na mwenye kitendo. Amerika ya Kilatini wameachana na *os levantáis*. Wao "ninyi mnaamka" ni *ustedes se levantan*.

Kinakaa wapi? Mbele ya kitenzi kilichonyambuliwa, yaani kilichobadilishwa kufuata nafsi na wakati: *me levanto, me he levantado*. Kinagandishwa nyuma ya kitenzi kikiwa hakijanyambuliwa, *levantarme, levantándome*, au kikiwa amri isiyokanushwa, *levántate*. Vitenzi vikiwa viwili una hiari, *voy a levantarme* au *me voy a levantar*, ila usikitumbukize katikati. *Voy a me levantar* si Kihispania.

Na anayeinuliwa akiwa mtu, ongeza *a*: *levanté la silla*, lakini *levanté al niño*. Mswahili hana haja ya kushangaa hapa. Husemi "niliinua mtoto" ukimkusudia mtoto fulani, unasema "nilimwinua". Ile -m- ya mtu ndiyo *a* ya Kihispania.

Mkazo: silabi moja inabadilisha mtu na wakati

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Kwa *levanto* (le-VAN-to) na *levantamos* (le-van-TA-mos) tabia hiyo inakusaidia. Inakuangusha kwenye *levantó*. Huyo ni "aliinua", na mkazo uko mwisho: le-van-TO. Ukitamka kwa mazoea yako umesema "ninainua". Hali ni hiyo kwa *levanté*, "niliinua", ambayo ukiikosea inageuka *levante*, amri ya heshima. *Levantar* nayo mkazo wake uko mwisho, kwa kuwa inaishia na r.

Amri *levántate* ina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: le-VAN-ta-te. Mswahili kwa kawaida husema le-van-TA-te. Cha kuchekesha ni kwamba hilo ni Kihispania safi cha Buenos Aires: huko hutumia *vos* badala ya *tú* kwa "wewe", na amri yao ni *levantate*, bila alama, mkazo kwenye *ta*. Madrid utaonekana umekosea. Ajentina utaonekana umeishi kwao.

Kuhusu v: Kihispania hakina v ya "vumbi". Andika v, tamka b laini ambayo midomo inakaribiana bila kufungana sawasawa.

Amri: hapa Kiswahili kinakupa msaada wa bure

Wanafunzi kutoka lugha nyingine hutaabika kukumbuka kwamba *levanta* ikikanushwa inakuwa *no levantes*. Wewe hilo unalo tangu utotoni: inuka, usiinuke. Ile -a ya mwisho inageuka -e ukikataza, kwa lugha zote mbili. Inageuka tena ukiomba kwa adabu: "uinuke" na *levántese usted*. Na ukitaka mtu mwingine atende: "nataka uinuke", *quiero que te levantes*. (Kwa vitenzi vya -er na -ir mambo hugeuka kinyume, -e inakuwa -a, kwa hiyo usiibebe kanuni hii mpaka kwa *subir*: *sube, no subas*.)

Amri ya wengi kwa Hispania ni *levantaos*. Ile d ya *levantad* inadondoka. Utasikia Wahispania wenyewe wakisema *levantaros*. Mwaka 2017 Real Academia Española, taasisi inayosimamia kanuni za Kihispania, ilikubali *iros* kwa kitenzi *ir* (kwenda), lakini ruhusa hiyo haikuwafikia wenzake. Kwenye mtihani andika *levantaos*. Kwa wageni wa Amerika ya Kilatini sema *levántense*.

Amka: macho yamefunguka au miguu iko sakafuni?

"Amka" ya Kiswahili ni neno pana. "Nimeamka saa kumi na mbili" yaweza kuwa umefumbua macho, yaweza kuwa umetoka kitandani. Kihispania kinataka uchague. *Despertarse* ni usingizi kukatika. *Levantarse* ni kuacha kitanda. Mtu anaweza kusema *me he despertado a las tres y no me he levantado hasta las seis*: alikuwa macho tangu saa tisa usiku, akatoka kitandani saa kumi na mbili.

Hali inayofuata nayo ina maneno mawili: *estar despierto* ni kuwa macho, *estar levantado* ni kuwa umeshatoka kitandani. Ukimpigia mtu simu asubuhi na mapema, swali la adabu ni *¿te he despertado?*, "nimekuamsha?".

Angalia unyambuaji. *Levantar* ni mtiifu, mzizi wake haubadiliki popote. *Despertar* hugeuza e kuwa ie mkazo unapoiangukia: *despierto, despiertas, despierta, despiertan*, lakini *despertamos, despertáis*.

Mfano wa kazini. Kwenye Kilimanjaro, usiku wa kuelekea kilele kutoka kambi ya Barafu, wageni kwa kawaida huamshwa kama saa tano usiku ili waanze kupanda saa sita. Kundi kutoka Hispania huambiwa hivi:

*Os despierto a las once de la noche. Os levantáis enseguida, os vestís, tomáis un té y a las doce salimos.*

Kundi kutoka Meksiko au Kolombia:

*Los despierto a las once de la noche. Se levantan enseguida, se visten, toman un té y a las doce salimos.*

Angalia kazi ya kila kitenzi. *Despierto* haina *me*, kwa sababu unamwamsha mwingine. Ukisema *me despierto a las once* umewaambia wewe ndiye utakayeamka, wao watajijua. Na *enseguida* inakwenda na *levantarse*, si na *despertarse*, kwa sababu shida ya usiku ule si kufumbua macho. Ni kutoka kwenye mfuko wa kulalia.

Mtego mkubwa kuliko kitenzi hapa ni saa. Saa tano usiku ni *las once de la noche*. Anayetafsiri namba moja kwa moja atasema *a las cinco*, na wageni watalala mpaka saa kumi na moja alfajiri, wakati wenzao wako karibu na kilele. Ongeza au punguza sita kabla ya kufungua mdomo, na usiache *de la noche* au *de la mañana*.

Mbili za ziada: kudamka, yaani kuamka alfajiri mapema, Kihispania kina neno lake moja, *madrugar*. *Mañana hay que madrugar* ni "kesho inabidi tudamke". Na kukesha, kuchelewa kulala mpaka usiku wa manane, ni *trasnochar*.

Simama: ponerse de pie, levantarse au pararse?

"Simama" ya Kiswahili ina maana mbili: acha kwenda, na inuka ulipoketi. Amerika ya Kilatini *pararse* nayo iko hivyohivyo. Mwalimu wa Meksiko akisema *párense* darasani, wanafunzi wanainuka vitini. Ukisema hivyo Madrid watu watakutazama, maana kwao *pararse* ni kuacha kutembea tu. Huko tumia *levantaos* au *poneos de pie*.

Nichague nini nisipojua msikilizaji anatoka wapi? *Ponerse de pie*. Inaeleweka kila mahali na haina maana ya pembeni. *Levantarse* nayo inafaa, ila inaweza kumaanisha kutoka kitandani. Ukiongeza *de la silla* mashaka yanaisha. Hadhari pia na "nimesimama": Amerika ya Kilatini husema *estoy parado*, ilhali Hispania *estoy parado* ni "sina kazi". Huko sema *estoy de pie*.

Levantar au subir: inua au pandisha?

Hapa kipimo cha Kiswahili kinafanya kazi vizuri sana. Mahali unaposema inua au nyanyua, Kihispania huelekea *levantar*. Unaposema panda au pandisha, huelekea *subir*. *Levantar* ni kukitoa kitu kilipokaa kikaachana na chini. *Subir* ni kukihamisha kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu.

*Levanta la caja*: inyanyue boksi, itoke sakafuni.
*Sube la caja*: ipandishe boksi, ghorofani au juu ya gari.

Mhudumu wa hoteli anayemuuliza mgeni *¿le subo la maleta?* amesema "nikupandishie begi chumbani?". Akiuliza *¿le levanto la maleta?* mgeni ataelewa ataliinua tu hapo lilipo. Wahispania wengine watacheka, kwa sababu mitaani kwao *levantar* pia ni kuiba: *me han levantado la cartera*, "wameniibia pochi".

| Unachotaka kusema | Sema | Angalizo |
|---|---|---|
| Inua mkono | *levanta la mano* | Si *tu mano*. Hata Kiswahili hakisemi "mkono wako" hapa |
| Kunyanyua vyuma | *levantar pesas* | |
| Kupandisha bei | *subir los precios* | Bei kupanda pia ni *subir*: *suben los precios* |
| Ongeza sauti ya redio | *sube la radio* | |
| Usinipandishie sauti | *no me levantes la voz* | Hapa kipimo kinavunjika |
| Kupanda ngazi, kupanda basi | *subir las escaleras, subir al autobús* | |
| Kupandisha bendera | *izar la bandera* | Ina kitenzi chake |
| Kutimua vumbi | *levantar polvo* | |
| Kuzua shaka | *levantar sospechas* | |
| Kuinua kiwango cha elimu | *elevar* au *mejorar el nivel educativo* | |
| Jua limechomoza | *ha salido el sol* | Si *levantarse* |

Mstari huo wa mwisho una historia yake. Jua la Kihispania leo "linatoka", lakini zamani liliacha alama kwenye *levante*, upande linakoinukia jua. Ndilo jina la pwani ya mashariki ya Hispania, la upepo unaovuma kutoka huko, na la klabu ya Levante ya Valencia. "Mashariki" yetu ilitoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye wazo hilohilo la jua kuchomoza.

Levantar inayoondoa

Hii ndiyo inayowachanganya hata waliosoma miaka mitatu. *Levantar* hujenga, na *levantar* huondoa. *Levantar un muro* ni kujenga ukuta. *Levantar una prohibición* ni kuondoa marufuku. *Levantar el toque de queda* ni kuondoa amri ya kutotoka nje, na *levantar el castigo* ni kufuta adhabu. *Se levanta la sesión* maana yake kikao kimefungwa, si kwamba watu wasimame, ingawa watasimama. Wazo la chini ni moja: kitu kilikuwa kimewekwa, sasa kinatolewa kilipowekwa.

Kwa hiyo *levantar el campamento* kwa kawaida ni kuvunja kambi. Ukitaka kusema mnapiga kambi tumia *montar el campamento*, na hema ni *montar la tienda*. Kuling'oa ni *desmontar* au *recoger la tienda*. Kwa hema achana na *levantar* kabisa, haina faida na ina hatari. Amerika ya Kilatini amri kama *levanta la mesa* ni kuondoa vyombo baada ya kula. Hispania watasema *recoge la mesa* au *quita la mesa*.

Na *levantar acta* haihusiani na kuinua karatasi. Ni kuandika kumbukumbu rasmi za kikao au za tukio.

Alzar na elevar

*Alzar* ni ndugu wa *levantar* aliyevaa suti. *Alzar la mano* na *alzar la voz* zinakubalika popote, na baadhi ya nchi za Amerika ya Kilatini huzitumia kila siku. Kwa maandishi, z hugeuka c mbele ya e: *alcé, no alces*. Mahali pake pazuri kabisa ni habari za michezo. Tarehe 11 Julai 2010, Johannesburg, Hispania ilipoifunga Uholanzi 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia, *Casillas levantó la copa*: nahodha alinyanyua kombe kwa mikono yake. Timu je? *España se alzó con la copa*. Hiyo *alzarse con* ni "kuibuka na": kuibuka na ushindi, kuibuka na kombe. Kupindua matokeo nako, kwa mwanafunzi anayeanza, si *levantar*. Neno salama ni *remontar*, na tendo lenyewe ni *remontada*.

*Elevar* iachie ofisi, hesabu na hotuba: *elevar una queja*, kuwasilisha malalamiko, *elevar al cuadrado*, kuzidisha namba kwa yenyewe. Ukiitumia kwa boksi au mtoto utasikika kama tangazo la serikali.

Maana za mitaani

Meksiko, *lo levantaron* kwenye habari za uhalifu ni "walimteka". Usiitumie kusema umempitia mtu kwa gari; sema *pasé por él* au *lo recogí*. Ajentina na Uruguay, *levantarse a alguien* ni kumwopoa mtu kimapenzi. Ile *a* iliyokuwa inakusaidia kwa mtoto inageuka mtego ukiichanganya na *me*: *levanté a María* ni "nilimwinua María", ila *me levanté a María* jijini Buenos Aires ni habari nyingine, na María akiisikia atataka maelezo.